Muziki, Mwili na Kumbukumbu: Maelezo kwa Kaya Zinazozungumza Kiswahili Guangzhou

Kila jioni, jua linapopungua makali, viwanja na bustani za Guangzhou hujaa watu wazima, wengi wao wanawake waliostaafu, waliojipanga safu kwa safu wakicheza kwa mwendo mmoja mbele ya spika ndogo yenye magurudumu. Wachina huuita mchezo huo guangchang wu, yaani ngoma ya uwanjani. Mgeni aliyefika juzi Xiaobei au Sanyuanli huenda akawapita akitabasamu tu. Hata hivyo, wanachokifanya kina msingi katika elimu ya mwili, na kaya nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa nacho nyumbani kabla ya safari: katika taarab, ngoma za harusi, kwaya na dansi za Jumamosi. Maelezo haya yanahusu namna muziki unavyogusa mazoezi, hali ya moyo na kumbukumbu, na pia mahali ambapo msaada wake unakoma.

Ziko kaya ambazo, kwa sababu ya dini, hazisikilizi ala za muziki. Mengi yanayosemwa humu kuhusu mapigo na sauti ya binadamu yanahusu vilevile kaswida, dufu na uimbaji usio na ala. Kisomo cha Kurani si muziki, wala hakihesabiwi hivyo hapa; anayepata utulivu wa moyo kwa kukisikiliza hana haja ya kuambiwa atafute kingine.

Miguu hufuata mapigo

Ubongo una tabia ya kuunganisha sikio na misuli. Mapigo yanayojirudia kwa mpangilio yanaposikika, sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo huamka hata kama mtu ameketi, ndiyo maana kidole hugonga meza bila kuamriwa. Anayetembea hujikuta akilinganisha hatua zake na wimbo. Katika mazoezi ya wastani muziki pia hupunguza hisia ya uchovu: kazi ni ileile, lakini huonekana nyepesi. Mwili unapofika karibu na ukomo wa nguvu zake, faida hiyo hupungua, kwa kuwa pumzi na misuli husikika kuliko wimbo wowote.

Mfano mashuhuri ni wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ukumbini mjini Birmingham mwezi Februari 1998 huku wimbo uitwao Scatman ukipigwa, kwa sababu mapigo yake yalilingana na hatua alizozitaka. Si kila mtu ni Gebrselassie, na mama mwenye shinikizo la damu hahitaji rekodi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Kutembea hatua 100 hivi kwa dakika huhesabiwa kuwa mazoezi ya wastani. Kwa hiyo wimbo wenye mapigo kati ya 100 na 120 kwa dakika humfaa mtembeaji. Mapigo huhesabiwa kwa saa ya mkononi, kama vile mtu anavyohesabu mapigo ya moyo.

Katika jambo hili rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, ina umbo la kufaa sana. Nyimbo nyingi za aina hiyo huanza polepole kwa maneno, kisha huingia sebene na magitaa yakaharakisha. Huo ndio utaratibu ambao mwili huupenda: kupasha misuli kwanza, kukaza mwendo baadaye. Singeli ya Dar es Salaam ni habari nyingine. Mapigo yake mara nyingi huzidi 200 kwa dakika. Mguu wa kawaida hauwezi kuyafuata ila kwa kukanyaga pigo moja na kuliacha la pili. Vijana wanayaweza, wazee wasishindane nayo. Taarab asilia isubiri mwisho, wakati mwili unapotulia.

Anayeishi karibu na Xiaobei ana Bustani ya Yuexiu hatua chache tu, na kando ya Mto wa Lulu kuna njia ndefu za waenda kwa miguu. Miezi ya joto, Mei hadi Septemba, inafaa kutoka alfajiri au baada ya magharibi, na kubeba maji ya kunywa. Tahadhari moja ni kubwa kuliko nyingine zote: pikipiki za umeme za jiji hili hazina mlio, na mara nyingi hupita hata kando ya njia ya watembea kwa miguu. Mtu aliyeziba masikio yote mawili hazisikii. Barabarani, vipokea sauti vya masikioni vivuliwe; bustanini, sikio moja liachwe wazi.

Hali ya moyo

Wimbo unaopendwa huufanya ubongo utoe dopamini, kemikali ileile inayotoka mtu anapokula chakula kitamu akiwa na njaa. Nyimbo za taratibu huweza kushusha mapigo ya moyo na kulegeza misuli. Kuimba pamoja na wengine huongeza jambo la tatu, yaani pumzi ndefu na kujisikia kuwa miongoni mwa watu, na huenda hili ndilo linalokosekana zaidi kwa mfanyabiashara anayekaa peke yake chumbani kati ya kontena moja na jingine, au kwa mama asiyekuwa na jirani wa kusema naye.

Wimbo wa huzuni si adui. Wengi hulia, wakapata nafuu. Hatari iko pale mtu anapourudia wimbo uleule wa kwao kila usiku, amejifungia, na kila akiuzima anakuwa mzito kuliko alipoanza. Huo si ufariji tena. Huzuni, kukosa usingizi au kutotamani chochote kukiendelea zaidi ya wiki mbili, daktari aonwe. Muziki si dawa ya sonona na hauchukui nafasi ya vidonge vya shinikizo wala vya kisukari. China ina namba ya msaada wa kisaikolojia, 12356. Asiyejua Kichina apige akiwa na rafiki wa kumtafsiria. Maisha yakiwa hatarini, gari la wagonjwa huitwa kwa 120.

Kumbukumbu

Mwaka 1985 mwanamuziki wa Uingereza, Clive Wearing, aliugua maambukizi ya ubongo yaliyomwondolea uwezo wa kukumbuka jambo kwa zaidi ya nusu dakika hivi. Alisahau karibu kila alichopitia. Lakini alipoketishwa mbele ya piano, vidole vilijua njia. Madaktari wameona jambo linalofanana na hilo kwa wagonjwa wengi wa Alzeima: mtu anasahau jina la mwanawe, ilhali ubeti wa ujanani anaumaliza bila kukosea. Kumbukumbu za muziki zimetandazwa sehemu nyingi za ubongo, na baadhi ya sehemu hizo huchelewa kuharibika.

Kwa kaya iliyo ughaibuni, maana ya jambo hili ni ya karibu sana. Wengi wana mzazi aliyebaki Tanga, Mombasa, Bujumbura au Bukavu, na mazungumzo ya simu yamekuwa magumu kwa sababu mzee anauliza swali lilelile mara tano. Badala ya kumhoji kama anamkumbuka fulani, jambo linalomuaibisha, mwana anaweza kumpigia wimbo wa enzi zake na kunyamaza. Nyimbo zinazoshika zaidi ni zile mtu alizozisikia kati ya miaka kumi na thelathini. Kwa aliyezaliwa Unguja mwaka 1945, hizo ni nyimbo za miaka ya 1955 hadi 1975, si zinazovuma leo. Yeye atafurahia zaidi rekodi za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, kuliko wimbo wowote mpya anaotumiwa na wajukuu. Mara nyingi baada ya wimbo huja hadithi, na hadithi hiyo isisahihishwe.

Waliopata kiharusi nao wana fungu lao. Watafiti wa Finland walionyesha mwaka 2008 kwamba wagonjwa waliosikiliza muziki walioupenda kila siku kwa miezi miwili walirudisha kumbukumbu ya maneno vizuri zaidi, na hawakuzama sana katika huzuni, wakilinganishwa na wasiosikiliza. Wapo pia waliopoteza usemi ambao huweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema. Familia ilione hilo kama mlango wa kuingilia, na mtaalamu wa tiba ya usemi aambiwe.

Watoto wako upande wa pili wa jambo hilohilo. Mtoto aliyezaliwa hapa na kusoma shule ya Kichina hupoteza Kiswahili taratibu. Neno lililofungwa katika wimbo wa kubembelezea huchelewa kusahaulika, kama vile herufi za madrasa zinavyokaa kichwani kwa sababu zilifundishwa kwa mahadhi.

Kiasi cha sauti

Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda salama ni saa 4 tu. Simu iwekwe isizidi asilimia 60 ya sauti yake yote, na ya mtoto iwe chini zaidi. Anayesikia mlio masikioni baada ya kuzima muziki ameshazidisha.

Jirani naye ana masikio. Sheria ya kelele ya China, iliyoanza kutumika tarehe 5 Juni 2022, inahusu majumbani na bustanini pia, na saa za usiku huhesabiwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika majengo ya ghorofa, besi hupenya sakafuni hata sauti ikiwa ndogo; spika iliyowekwa juu ya zulia au godoro jembamba husumbua kidogo kuliko iliyowekwa juu ya vigae. Kwa sherehe ya harusi au ubatizo ni afadhali kukodi ukumbi, na kwa siku ya kawaida, kumwarifu mlinzi wa jengo na jirani wa chini mapema.