Fahamu: Namna vita vinavyomwathiri mtoto kiakili na kitabia

Mtoto aliyeshuhudia mapigano, kama walivyoshuhudia watoto wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mji wao ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, hubaki na hofu mwilini hata baada ya risasi kunyamaza. Hatari inapotokea, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotizoli ili mtu akimbie au ajihami. Hatari ikijirudia kila siku, ubongo wa mtoto, ambao bado unakua, huzoea kukaa chonjo muda wote. Ndiyo maana mlango ukibamizwa tu, hushtuka na kujificha.

Dalili hutofautiana kwa umri. Mtoto mdogo aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, humng'ang'ania mama, au hurudia mchezo uleule wa kuuana. Mwanafunzi hushindwa kumakinika, na mara nyingi huchapwa kwa uvivu asio nao. Hilo ni kosa kubwa, kwani kiboko humwongezea kilekile kilichomuumiza. Kijana huweza kujitenga, kupigana au kunywa pombe.

Watoto pia huiga ukatili wanaouona. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kuwa watoto waliomtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere waliiga kipigo hicho.

Hata hivyo, si kila mtoto huumia kwa kudumu. Wengi hupata nafuu wakiwa na mlezi mtulivu, shule na nafasi ya kucheza. Dalili zikipita mwezi mmoja, mtoto apelekwe kituo cha afya. Akitaja kujidhuru, asisubirishwe hata siku moja.