Kwa nini kurasa nyingine hazienei kwenye simu?

Msikilizaji, uko Mungaa na umefungua jedwali la bei za mazao kwenye simu. Maandishi ni madogo kama ulezi. Ukiyakuza, jina la zao linapotea pembeni. Ukihama mstari kidogo tu, unasoma bei ya mtama ukidhani ni ya alizeti.

Ukurasa huo ulipangwa kwa ajili ya kompyuta. Kioo cha kompyuta mpakato nyingi kina upana wa pikseli 1,366, yaani vidoa vya mwanga vinavyounda picha. Simu nyingi hupanga ukurasa kwa upana wa 360 hivi. Ukurasa usipotoa maelekezo, simu huudhania una upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana wote uenee.

Mwaka 2010, mbunifu wa tovuti wa Marekani, Ethan Marcotte, alieleza njia bora: ukurasa uangalie upana wa kioo na kujipanga wenyewe. Kwenye simu, yaliyokaa ubavu kwa ubavu hushuka moja chini ya jingine, na picha hupungua.

Ukikuta ukurasa usiojipanga, ruhusu kioo kijizungushe, kisha laza simu. Na kabla hujakubaliana na mnunuzi, rudi kushoto uhakikishe jina la zao.