Utangulizi: Nani Hulipia Njia ya Baiskeli Eastlands?

Taaluma ya kufuatilia fedha za njia za baiskeli bado changa hapa Kenya, na wengi huingia kwa mlango wa pembeni: mhandisi aliyechoka kuona njia alizozichora zikigeuzwa maegesho, mkazi wa Kayole anayetaka kujua kwa nini mtaa wake umerukwa, karani aliyepewa bajeti ya uchukuzi aikague. Shahada ya uchumi si lazima. Kinachotakiwa ni subira ya kuifuata shilingi tangu inapotozwa hadi inapomwagwa barabarani kama zege.

Tuanzie Outering, mashariki mwa Nairobi. Barabara hiyo ya kilomita 13, kutoka Thika Road hadi eneo ilipokuwa Taj Mall, ilipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2013, na pamoja na leni za magari zikaja njia za miguu na za baiskeli. Simama kando yake, Mutindwa, asubuhi umtazame muuza mikate aliyefunga kreti nyuma ya baiskeli yake aina ya Black Mamba. Anakuja vizuri, mara njia inamezwa na steji ya matatu. Mbele kuna mitumba iliyotandazwa juu ya turubai, bodaboda zimejipanga zikisubiri abiria, kisha ukingo wa zege usio na mteremko. Anashuka, anainua gurudumu la mbele, anasukuma. Mwisho anakata shauri kuingia barabarani, kati ya matatu na lori.

Wapangaji wengi humlaumu mchuuzi. Mimi siafikiani nao. Mchuuzi hukaa wanapopita wanunuzi, na mradi usiomtengea nafasi umemwalika akae njiani. La kuchunguza zaidi ni hesabu. Njia ya baiskeli inayojengwa ndani ya mradi wa barabara kuu huja ikiwa imebebwa mgongoni. Gharama yake imezama katika gharama ya barabara nzima. Mkopo ukishafungwa, wa kujenga ameondoka na wa kutunza hajateuliwa.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikisaidiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri. Sera hiyo iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Mwaka uliofuata shirika hilo likazihimiza serikali za dunia nzima kutenga kiwango hicho hicho. Ahadi ni nzito, na ninaitakia mema. Lakini pasipo fungu la bajeti lenye jina lake, mkazi hana pa kuidai.

Pesa zipo. Tangu 1993 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa kutengeneza barabara, na Julai 2024 ushuru huo ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Utaambiwa vikaoni kwamba mwenye baiskeli hanunui mafuta, hivyo hachangii. Hoja hiyo ni mbovu. Unga anaokula umeletwa na lori, na dizeli ya lori imo katika bei ya pakiti. Fundi anayetoka Industrial Area kurudi Mukuru kwa baiskeli ameshalipa dukani, na tairi zake haziichimbui lami. Fuatilia basi mvutano wa magavana na wabunge kuhusu nani azishike fedha hizo za ushuru, kwa sababu atakayezishika ndiye atakayeamua njia ipi itazibwa mashimo.

Somo la utunzaji utalipata Dandora, mtaa ulioanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975. Mkopo ule ulilipia viwanja takriban 6,000, na miaka mingi baadaye nyua za katikati ya nyumba zilikuwa zimejaa taka. Vijana wakajiunga katika vikundi, wakazisafisha, wakapanda miti, wakaweka ulinzi, na wakazi wakakubali kuchanga ada ndogo. Hapo mtunzaji anajulikana kwa sura, na anayelipa huona kazi kila atokapo mlangoni. Natamani vijana kama hao wapewe kandarasi za kutunza njia za baiskeli, walipwe na kaunti. Ada ya ua mmoja haiwezi kubeba Outering, inayotumiwa na watu wa Umoja, Donholm, Kariobangi na kwingineko, na mkazi hapaswi kulipa mara mbili.

Kwa anayeanza leo, ratiba ndiyo nyenzo ya kwanza. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba mosi, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wengi hujitokeza Aprili, wakati miradi imekwisha kuchaguliwa. Sura ya kwanza inasoma mpango wa Septemba ukurasa kwa ukurasa. Uwe na nakala yake, na kalamu.