Paka Mzee Alaye Sana na Kukonda

Yuko bibi mmoja, jirani yetu wa Malindi hapa Mjini Unguja, ambaye kwa muda wa miaka 13 amemfuga paka jike wa rangi ya kijivu. Paka huyo alikuwa mnene na mtulivu, mwenye desturi ya kulala barazani tangu adhuhuri mpaka jua la alasiri limfikie na kumwamsha. Tangu masika yaliyopita tabia yake iligeuka. Akawa hashibi. Amalizapo samaki wake hulia apewe mwengine. Akaanza kudokoa kitoweo jikoni, jambo ambalo hata ujanani mwake hakulijua. Na usiku wa manane huzunguka ukumbini akilia kwa sauti nzito inayowaamsha watu wa nyumba tatu. Manyoya yake yaliyokuwa laini yakasimama na kushikamana. Na wakati wote huo mwili wake ulikuwa ukipukutika, hata mifupa ya mgongo ikahesabika kwa macho.

Tulipomwuliza bibi, alitujibu bila ya wasiwasi: "Kazeeka tu huyu, mwanangu. Anakula, lakini chakula hakimkai." Kabla ya hapo alikwisha kwenda dukani mara tatu kununua dawa ya minyoo, na mara zote tatu aliuziwa bila ya kuulizwa neno lolote juu ya mnyama mwenyewe. Minyoo haikuonekana, na paka akazidi kukonda.

Jibu la bibi huyo ndilo jibu la wengi miongoni mwetu, na ndilo lililotusukuma kuandika leo. Uzee peke yake haumfanyi paka ale maradufu huku nyama zikimwisha. Mambo hayo mawili yakikutana katika paka aliyepita miaka 10, inafaa ifahamike kwamba ni maradhi, na kwamba mara nyingi mkosaji ni tezi ya shingo.

Tezi hiyo, ambayo kwa binadamu ikivimba tunaita rovu, paka naye anayo. Ina sehemu mbili, moja kila upande wa koo, na kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini, inayouamuru mwili uwake kwa kasi gani. Katika paka mzee huota vinundu ndani ya tezi, na kwa paka 7 katika kila 10 wenye maradhi haya vinundu huwa pande zote mbili. Saratani ni nadra, haifiki 3 katika 100. Lakini vinundu hivyo, ingawa si saratani, havisikii amri ya ubongo. Hutoa homoni usiku na mchana. Mwili huwa kama jiko la mkaa lililowekwa kwenye njia ya upepo wa kusi: mkaa huteketea upesi, na kila unapoongezwa nao huteketea.

La kushangaza ni kwamba maradhi haya hayakuelezwa na waganga wa wanyama mpaka mwaka 1979, huko New York, na mwaka uliofuata wenzao wa Boston wakayaeleza kwa urefu zaidi. Leo katika Marekani na Uingereza ndiyo maradhi ya tezi yaliyoenea kuliko yote kwa paka wazee, na hukisiwa kuwa humpata paka mmoja katika kila 10 waliopita umri wa miaka 10. Kwa nini yakazuka hivyo? Wako wanaosema ni kwa sababu paka wanaishi zaidi na vipimo vimekuwa vizuri. Wako wanaokishuku chakula cha makopo, na wako wanaozishuku kemikali zilizoanza kutiwa katika magodoro na mazulia tangu miaka ya 1970 ili zizuie moto. Uchunguzi umefanywa mwingi, na mpaka sasa hakuna mshitakiwa mmoja aliyetiwa hatiani peke yake.

Msomaji atasema kwamba basi haya ni maradhi ya paka wa kizungu. Hatukubaliani naye. Ni kweli kwamba paka wa soko la samaki, anayeishi kwa matumbo ya changu na kukwepa magari, ni mara chache kuufikia umri huo. Lakini paka wa nyumbani hufika, na tezi yake ni ile ile.

Dalili nyengine ni hizi: kunywa maji mengi na kukojoa sana, kutapika, kuharisha, kuhangaika, na moyo kwenda mbio, pengine kupita mapigo 220 kwa dakika. Wachache hufanya kinyume, wakanyong'onyea na kukataa chakula. Shinikizo la damu nalo hupanda, na tumesikia watu wakisema paka wao alipofuka kwa usiku mmoja. Shinikizo likizidi, utando wa nyuma ya jicho huweza kubanduka, na yaliyotokea usiku huo yalianza miezi mingi nyuma. Kwa hiyo tunawasihi wenye paka wazee wawapime uzito kila mwezi. Haihitajiwi mashine ya gharama. Kikapu na mizani ya muuza unga vinatosha. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo, ni sawasawa na mtu wa kilo 64 kupungua kilo 8, na mtu huyo asingeambiwa kwamba kazeeka tu.

Hata hivyo mizani haitoi hukumu. Kisukari humkondesha paka anayekula, na maradhi ya matumbo vilevile. Maradhi ya figo nayo humkondesha na kumnywesha maji mengi. Daktari wa mifugo huanza kwa kupapasa shingo, na bibi wetu alipokubali mwishowe kumpeleka paka wake, daktari aligusa chini ya koo kijinundu cha ukubwa wa punje ya kunde. Akatoa damu, ikapelekwa kwenye maabara ya binadamu kupimwa thairoksini. Hapa ndipo tunapowaomba viongozi wetu wasome kwa makini.

Majibu yalirudi yakionesha 9, na pembeni yake limeandikwa neno "kawaida". Bibi akafurahi. Daktari hakufurahi. Kwa mtu mzima, kiasi cha thairoksini yote kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni baina ya mikrogramu 5 na 12 hivi katika desilita moja ya maji ya damu. Kwa paka mzima wa afya, mpaka wa juu ni 4 na kitu, kwa kutegemea maabara. Basi kile kilichokuwa afya katika karatasi ya binadamu kilikuwa kwa paka yule karibu mara mbili ya mpaka wake. Mpimaji hakufanya hiana. Alipewa kichupa cha damu na karatasi ya binadamu, akajaza. Kama daktari yule asingejua, paka angerudishwa nyumbani kwenda kufa na cheti cha uzima.

Hatuombi lijengwe jengo jipya. Tunachoomba ni kwamba wakuu wa mifugo na wakuu wa afya wakae pamoja na kuweka utaratibu wa maandishi: damu ya mnyama iliyotumwa na daktari ipokelewe katika maabara yenye mashine ya kipimo hiki, mashine ihakikiwe kwa damu ya paka, na majibu yaandikwe kwenye karatasi yenye viwango vya paka. Ofisa atakayeuliza kama Serikali haina kazi ila paka, tunamkumbusha ni nani anayelinda maghala ya mchele ya Mji huu dhidi ya panya, tena bila ya mshahara.

Dawa ipo. Ni methimazoli, au kabimazoli, ambayo ikiingia mwilini hugeuka kuwa methimazoli, na kabimazoli imo katika dawa zinazotumika kwa binadamu Afrika Mashariki. Haviondoi vinundu, huzuia tu homoni isitengenezwe, kwa hiyo kidonge ni cha kila siku maisha yote, na kikiachwa, baada ya siku chache mambo hurudi yalipokuwa. Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 1.25 hadi 2.5 za methimazoli mara mbili kwa siku. Uzito wa dawa moja si sawa na wa nyengine, basi mtu asibadilishe kwa kukisia, wala asichukue vidonge vya shangazi yake mwenye maradhi ya tezi akampa paka. Katika miezi mitatu ya mwanzo paka huweza kutapika, kukataa chakula, au kujikuna uso na shingo hata akatoka vidonda. Mara chache ini au chembe za damu hudhurika. Akionekana hivyo, kidonge kisimamishwe na daktari aambiwe siku ile ile. Vidonge visipondwe. Mwanamke mwenye mimba asivishike, na kila anayevishika anawe mikono.

Liko jambo moja la figo ambalo limewafarikisha watu wengi na dawa hii bila ya haki. Tezi inapokwenda mbio, damu nayo hupita kwenye figo kwa nguvu kuliko desturi, na figo zilizochoka zikaonekana nzima. Homoni ikipunguzwa, msukumo hupungua na udhaifu hujitokeza. Mwenye paka husema: dawa imemharibia figo. Kumbe figo zilikuwa mbovu tangu zamani, na tezi ndiyo iliyokuwa ikizifunika. Kwa sababu hiyo daktari mwangalifu huanza na kipimo kidogo, akarudia kupima damu baina ya wiki 2 na 4, thairoksini na figo kwa pamoja, kisha akatafuta pale ambapo tezi imetulizwa na figo bado zinamudu. Kidonge kina fadhila hii: kikionekana kinadhuru, huweza kupunguzwa. Tiba ya kudumu haina njia ya kurudi.

Tiba za kudumu ni mbili. Ya kwanza ni sindano ya iodini-131 yenye mnururisho, ambayo hukimbilia kwenye vinundu na kuviua. Paka 95 hivi katika 100 hupona kwa sindano moja. Lakini yataka leseni, chumba cha kutengwa kwa siku kadhaa, na namna ya kuhifadhi kinyesi chenye mnururisho, mambo yasiyowezekana katika zahanati ya kawaida. Ya pili ni upasuaji. Kuna vijitezi vidogo mno vilivyogandana na tezi yenyewe, navyo ndivyo vinavyolinda kiwango cha kalsiamu. Vikikatwa kwa bahati mbaya, paka huweza kufa kwa mitukutiko. Na moyo unaokwenda mbio haupendi dawa ya usingizi.

Ng'ambo hutumika pia chakula maalumu kilichopunguzwa iodini, kwani tezi haiwezi kutengeneza homoni bila ya madini hayo. Chakula hicho hufaa kwa sharti moja: paka asile kitu chengine chochote. Dagaa mmoja huvunja kazi ya wiki, maana samaki wa bahari ana iodini nyingi. Nani atakayemchunga paka wa Malindi asifike diko wakati ngalawa zinapoingia?

Na hapa tunatoa onyo. Asije mtu akasikia habari hii ya iodini na paka, akaacha kununua chumvi yenye madini joto kwa ajili ya watoto wake. Visiwa vyetu, licha ya kuzungukwa na bahari, havikusalimika na upungufu wa madini hayo. Uchunguzi wa Unguja na Pemba uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba upungufu bado ulikuwepo. Rovu la mtoto aliyekosa madini joto na kinundu cha paka mzee ni vitu viwili mbalimbali, ijapokuwa vyote vinakaa shingoni.

Tukirudi kwa jirani yetu, kazi ya kwanza ilikuwa kummezesha paka kidonge, na paka alimkwaruza mara mbili kabla bibi hajapata hila yake mwenyewe: hukitia kidonge kizima ndani ya tumbo la dagaa, akatupa kwanza dagaa mmoja mtupu, kisha wa pili mwenye dawa, na wa tatu mtupu amshike mkononi ili paka aharakishe kummeza wa pili. Siku ya kuanza dawa paka alikuwa na kilo 2 na gramu 600. Baada ya wiki 3 muuza unga alisoma kilo 2 na gramu 800, na damu ya pili, iliyosomwa safari hii kwa viwango vya paka, ikaonesha 3. Figo zimejitokeza kuwa na udhaifu kidogo, na daktari ameagiza zipimwe tena mwezi ujao. Kelele za usiku zimekoma, na watu wa nyumba tatu wanalala.