Hoja Ikiwekwa Mezani, Imeletwa au Imezikwa?

Ukisema, "Fulani kavaa miwani," Mswahili anaelewa kuwa bwana huyo amelewa. Mgeni atamtazama usoni aone miwani iko wapi. Hiyo ndiyo nahau: maneno yote unayajua, maana huijui.

Waingereza nao wanazo. Wakisema mtu amepiga ndoo teke, wana maana amekufa. Wakisema unawavuta mguu, unawatania. Hizo hazina hatari kubwa, kwani anayezisikia kwa mara ya kwanza hushtuka, akauliza. Hatari imo katika nahau ambayo pande zote mbili zinadhani zinaielewa.

Tuchukue ile ya kuweka jambo mezani. Kwa Mwingereza, kuweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe. Nasi tumeirithi hivyo: katika Bunge letu, hati za kuwasilisha mezani ni zile zinazoletwa mbele ya wabunge. Kwa Mmarekani ni kinyume kabisa. Hoja ikiwekwa mezani imewekwa kando, na katika Baraza la Wawakilishi la kwao ndiyo imezikwa.

Winston Churchill alisimulia kisa hiki katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili, kitabu kilichotoka mwaka 1950. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka kuuweka mezani. Wamarekani wakapinga. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, hadi walipogundua kuwa wote walitaka kitu kimoja. Vita vinaunguruma, washirika wanagombana kwa sababu ya meza!

Je, sisi? Vijana wetu hukariri orodha za nahau za Kiingereza ili wafaulu mtihani. Si vibaya. Lakini kesho kijana huyo atapokea barua ya mteja kutoka Chicago, na nyingine kutoka London, zenye maneno yale yale. Orodha yake haikumwambia nani anasema nini.

Kwa hiyo, ukikuta nahau katika barua ya kazi au mkataba, usione haya kuuliza: "Mna maana tulijadili sasa, au tuliache?" Nawe ukiandika, sema waziwazi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutia sahihi jambo usilolielewa.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.