Tembe Inayojulikana kwa Viatu

Jioni sokoni Busia, mama wa omena anapofunga magunia yake, tazama miguu. Asubuhi alikuja na viatu vya kufunga. Saa kumi na moja amekwisha kuvivua, yumo ndani ya kandambili, na alama ya ukanda imebaki imechorwa juu ya kifundo. Mguu huvimba kwa sababu nyingi, zikiwemo moyo, figo, ini, mimba, au kusimama kutwa tu. Lakini ukimuuliza kama anameza dawa ya presha, naye akasema ndiyo, ile nyeupe ndogo ya mara moja kwa siku, umelikaribia jibu. Tembe hiyo inaitwa amlodipini.

Ilizaliwa mbali na Busia. Watafiti wa kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, waliiunda miaka ya 1980, na Marekani ikairuhusu mwaka 1992 kwa jina la Norvasc. Maabara hiyohiyo ndiyo iliyotoa Viagra, ambayo nayo ilianza kuchunguzwa kama dawa ya moyo. Hataza ya amlodipini ilipokwisha, viwanda vingine vikaichukua, vya India vikiwa mstari wa mbele, bei ikaporomoka, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Dawa iliyokuwa ya matajiri sasa hutolewa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: 1 x 1.

Kazi yake si ngumu kuieleza. Ateri imezungushiwa misuli, na misuli hiyo hukaza kila inapopata kalsiamu, ambayo huingia kwenye seli kupitia vijilango maalumu. Amlodipini huvifunga vijilango hivyo. Misuli hulegea, mshipa hupanuka, damu hupita bila kusukumana, presha hushuka. Wala haina pupa. Nusu ya dawa iliyomo mwilini huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka, ndiyo maana kiwango chake katika damu hakitulii mpaka baada ya wiki moja hivi. Aliyeanza Jumatatu na kupimwa Jumatano asiitangaze kuwa dawa bandia. Na aliyesahau siku moja asimeze mbili kesho yake.

Ila upole huo una hila. Mtu akiiacha, siku ya kwanza hahisi kitu, ya pili hahisi kitu, ya tatu anawaambia majirani kwamba amepona. Kumbe dawa ndiyo inayotoka polepole, na presha inapanda nyuma yake bila kupiga hodi.

Sasa turudi kwenye miguu. Amlodipini hupanua zaidi ateri ndogo zinazopeleka damu kwenye nyama, lakini vena zinazoirudisha moyoni haizigusi sana. Fikiria mpaka wa Malaba siku ambayo lango la kuingilia limefunguliwa lote na la kutokea limebaki lilelile: malori hujazana uwanjani. Ndivyo presha inavyopanda ndani ya mishipa midogo kabisa ya miguu, maji yakachujwa kutoka kwenye damu na kukaa chini ya ngozi, karibu na kifundo, kwa kuwa huko ndiko chini. Usiku ukilala yanarudi. Jioni ya pili yapo tena.

Kwa hiyo maji hayo hayajatokana na figo kushindwa, wala mwili haujajaza maji kupita kiasi. Hapa ndipo kosa moja la kawaida sana hutendeka. Mtu anakwenda kemisti, anaonyesha mguu, anauziwa furosemidi, ile wengi wanaiita Lasix. Anakojoa mpaka anachoka, potasiamu inashuka, misuli inamkaza usiku, na mguu bado umevimba, kwa kuwa dawa ya kukojoza haiwezi kulipanua lango la kutokea. Sasa ana tembe mbili na maradhi matatu.

Takwimu zilizomo kwenye maelezo rasmi ya dawa hii zinasaidia. Katika majaribio yake, kati ya waliomeza miligramu 5, asilimia 3 hivi walivimba. Kati ya waliomeza 10, karibu asilimia 11. Wanawake walipatwa zaidi kuliko wanaume, asilimia 14.6 dhidi ya 5.6. Maana yake ni kwamba tatizo linafuata dozi, na dozi inaweza kupunguzwa. Au, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, inaongezwa dawa ya jamii ya enalaprili au losatani, ambayo hufungua na upande wa vena, uvimbe ukapungua huku presha ikizidi kushuka. Kuongeza dawa ya presha ili mguu ushuke kunasikika kama mzaha, lakini ndivyo mishipa ilivyo.

Naomba niseme wazi ninachofikiri kuhusu neno "utazoea". Ni neno baya kuambiwa kliniki. Presha yenyewe haiumi. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 akicheka. Kinachomuuma ni dawa: kichwa wiki ya kwanza, uso kuwaka, moyo kudunda, mguu kujaa, na kwa wachache fizi kunenepa mpaka zikameza meno. Ukimwambia azoee, umemwomba aumie leo kwa ajili ya kiharusi asichokiona. Akiacha, tunamwita mkaidi. Mimi namwona mtu aliyepiga hesabu kwa alichopewa.

Ndugu wa amlodipini wana visa vyao. Enalaprili imetokana na ukoo ulioanza kwa nyoka. Sumu ya jararaca, nyoka wa Brazil, huangusha presha ya mtu aliyeumwa. Miaka ya 1960 mwanasayansi wa Brazil, Sérgio Ferreira, aliipeleka London kwenye maabara ya John Vane, na kutokana na utafiti huo ikaja kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, kisha enalaprili. Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho pia huvunja kemikali iitwayo bradikinini. Bradikinini ikirundikana mapafuni, mtu anakohoa kikohozi kikavu, cha kukereka, kisichotoa kitu.

Katika kaunti kama Busia kikohozi hicho kina safari yake ya pekee. Anayekohoa wiki mbili huambiwa atoe makohozi apimwe kifua kikuu, na ni sawa kabisa apimwe. Lakini majibu yakirudi safi, swali la pili, "unameza dawa gani?", mara nyingi haliulizwi, na mgonjwa anaondoka na antibayotiki na sharubati. Losatani hufanya kazi inayokaribiana na hiyo bila kikohozi. Kubadilisha ni suala la mstari mmoja kwenye kadi.

Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba baada ya kumeza enalaprili, hiyo si ya kusubiri siku ya kliniki. Ni ya kukimbilia hospitali dakika hiyo, na dawa hiyo isimezwe tena maisha. Watu weusi hupatwa na hali hiyo zaidi ya wazungu, mara kadhaa.

Na hiyo ni sababu mojawapo ya amlodipini kupendwa huku kwetu pamoja na vituko vyake vyote. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa CREOLE, uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa 728. Walilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipini, moja ikiwa na tembe ya kukojoza na nyingine na perindoprili, ya jamii ya enalaprili, zilishusha presha zaidi kuliko jozi isiyokuwa nayo. Tofauti ilikuwa kama milimita 3 za zebaki. Inaonekana ndogo, ila ukiisambaza kwa mamilioni ya watu ni viharusi vingi vilivyoepukwa.

Ajabu ni kwamba kuna wakati presha ilidhaniwa haipo upande huu. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitali ya Kavirondo Kusini, hapa Kenya, kwa miaka miwili, hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu. Miaka sitini baadaye, watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Presha yao ilikuwa imeanza kupanda mapema tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Hakuna aliyekuwa ameongezewa miaka. Walikuwa wameongezewa jiji. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ukakuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawajawahi kupimwa.

Khunyangu, kule Butula katika kaunti ya Busia, kuna jambo lingine la kuangalia. Hospitali ya pale ni mojawapo ya vituo ambavyo mpango wa AMPATH, wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi ya Eldoret pamoja na vyuo vya Amerika Kaskazini, ulijenga huduma ya virusi vya Ukimwi. Watu walioanza dawa za virusi hivyo wakiwa vijana sasa wanazeeka, na presha inawakuta wakiwa tayari wanajua kumeza tembe kila siku bila kukosa. Hilo ni jema. Tatizo ni pale kadi zinapokuwa mbili, ya presha na ya virusi. Ritonaviri, inayotumika katika baadhi ya michanganyiko ya dawa za virusi za mstari wa pili, huzuia ini kuvunja amlodipini, kiwango kikapanda na mguu ukajaa kwa dozi ileile iliyokuwa salama. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huiondoa amlodipini mbiombio, presha ikapanda huku mgonjwa akiapa, na anasema kweli, kwamba hajaruka hata siku moja. Dolutegraviri, ambayo Kenya imewahamishia wengi, haina ugomvi nayo. Kwa hiyo anayekwenda kliniki mbili abebe kadi zote mbili, hata kama ile moja anapendelea isionekane.

Kuna pia suala la sufuria. Wamarachi na jamaa zao wengine wa Kiluhya hupikia mrenda na mboga nyingine za kienyeji kwa musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage au ya ndizi. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Kwa mwenye figo nzima hilo halina shida, pengine lina faida, kwani potasiamu hupunguza makali ya chumvi ya dukani. Kwa anayemeza enalaprili, losatani au spironolaktoni huku figo zake zimechoka, potasiamu hubaki mwilini, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Sijawahi kuona bango la kliniki linalotaja musherekha. Mabango yanataja bakoni.

Mwisho ni madereva. Trela linalosubiri kuvuka Malaba linaweza kukaa foleni saa nyingi, na dereva aliyepangiwa tembe ya kukojoza asubuhi hujifunza haraka kuiacha nyumbani. Amlodipini haimwekei masharti hayo. Inamezwa kabla au baada ya chakula, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, wenye washiriki zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya kiharusi, mshtuko wa moyo wala kifo kati ya waliomeza dawa zao za presha asubuhi na waliomeza jioni. Anaweza kuichagulia saa anayoikumbuka, iwe Eldoret, Tororo au popote taa zinapowaka. Ile ya kukojoza, kama bado anaihitaji, aimeze saa ambayo lori limeegeshwa na choo kinajulikana kilipo.