Baiskeli ya mwanao si sare ya shule!

KUNA kosa moja ambalo sisi wazazi wa mjini tunalifanya huku tunatabasamu. Unaingia dukani kumnunulia mtoto wa darasa la kwanza sare ya shule, unamwambia muuzaji: "Nipe kubwa kidogo, atakua nayo." Shati linafika magotini, kaptula inafungwa na pini, lakini poa tu, mwakani itamkaa. Hakuna aliyekufa kwa kuvaa shati pana.

Balaa linaanza pale unapoipeleka hesabu hiyohiyo kwenye duka la baiskeli.

Usidhani nasimulia habari za jirani. Ni mimi mwenyewe. Binti yangu alipotimiza miaka minne nilitinga Kariakoo, mfuko umetuna, kifua mbele. Nikaoneshwa baiskeli ya inchi 12, nikaiona kama mdoli. Pembeni yake kulikuwa na ya inchi 16, rangi ya pinki, ina kikapu, ina kengele, ina vinyuzi vya kumetameta kwenye usukani. Tofauti ya bei ilikuwa ndogo. Nikajisemea, hii ataipanda mpaka darasa la pili. Nikalipa.

Jumamosi yake mtaa mzima ukatoka kushuhudia. Nikampandisha binti, miguu inaning'inia hewani kama yuko juu ya punda. Nikamsukuma. Mita kumi za kwanza tukashangilia. Ya kumi na moja usukani ukakata kushoto, mguu ukatafuta ardhi ukaikosa, mtoto chini! Nyuzi tatu kidevuni.

Kovu lenyewe ni dogo, mpaka ulitafute. Kilichoniuma ni kingine. Baiskeli ilikaa koridoni karibu miezi mitatu, na binti kila akipita pale alijibana kwenye ukuta wa pili, utadhani kafungwa mbwa. Mama yake akaanza kuianikia taulo. Siku moja akanitazama, akasema: "Baba watoto, wewe hukumnunulia mtoto baiskeli. Umejinunulia mwenyewe."

Alipiga penyewe. Mimi utotoni sikuwa na baiskeli. Nilijifunzia Phoenix ya baba mdogo, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba, makalio hayajawahi kugusa siti. Ndiyo maana nilikuwa mbishi: mbona sisi tulijifunzia kubwa na tuko hai? Nikasahau kwamba wakati ule nilikuwa na miaka kumi, siyo minne. Na hakuna aliyenipandisha kwa nguvu, nilikuwa naiiba mwenyewe!

Pima mguu, achana na umri

Aliyenifungua macho ni fundi baiskeli wa pale kijiweni kwetu. Hakuuliza mtoto ana miaka mingapi. Aliuliza: "Kaka, mguu wake una urefu gani?" Nikabaki natumbua macho.

Ukweli ni huu, msomaji wangu. Zile inchi zinazotajwa dukani ni za gurudumu. Kwa kawaida inchi 12 huwafaa watoto wa miaka mitatu hadi minne, 14 wa minne hadi mitano, 16 wa mitano hadi sita au saba, na 20 kuanzia hapo. Lakini umri unadanganya, maana watoto wa darasa moja mmoja anaweza kumzidi mwenzake kichwa kizima.

Kwa hiyo pima. Mtoto avue viatu, asimame mgongo ukutani. Chukua daftari gumu, liweke katikati ya miguu, lipandishe mpaka lifike mwisho. Piga alama ya penseli pale ukingo wa juu unapogusa ukuta, kisha pima kutoka sakafuni. Andika namba hiyo uende nayo dukani. Siti ikishushwa mpaka mwisho, urefu wake kutoka chini usizidi namba yako. Mtoto anayejifunza akikaa, nyayo zote mbili zilale chini. Akishazoea ndipo unaipandisha siti kidogokidogo.

Halafu inyanyue. Baiskeli nyingi za watoto ni chuma tupu. Mtoto wa miaka minne ana kama kilo 16. Ukimpa baiskeli ya kilo 8 umempa nusu ya uzito wake. Wewe mwenye kilo 70 ungekubali kuendesha baiskeli ya kilo 35?

Mwisho mshikishe breki. Vidole visipofika, tafuta kaskrubu kadogo karibu na mpini wa breki, ndiko kanakousogeza mpini karibu na mkono. Bado hafiki? Basi mtafutie yenye breki ya kurudisha pedeli nyuma.

Ng'oa pedeli kwanza

Tukafanya biashara na fundi. Akabaki na ile kubwa auze, mimi nikachukua ya mtumba ya inchi 12, ina kutu kidogo lakini rimu zimenyooka. Kabla sijaondoka akashika spana namba 15, akang'oa pedeli zote mbili. Nikamwambia, "Fundi, umechanganyikiwa?" Akacheka.

Kumbe ndiyo siri yenyewe. Kazi ngumu ya baiskeli ni kujizuia usianguke. Kukanyaga pedeli ni kazi nyepesi. Mjerumani Karl von Drais alipotoa mashine yake ya magurudumu mawili mwaka 1817 haikuwa na pedeli, watu walijisukuma kwa miguu. Pedeli zilikuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele huko Ufaransa katika miaka ya 1860. Binadamu alianza na mizani, na mtoto naye aanze hapo.

Ukitaka kuzitoa mwenyewe, angalia hapa wengi wanapoharibu nyuzi. Pedeli ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida, kinyume cha mishale ya saa. Ya kushoto ina kichaa chake, inafunguka kwa kufuata mishale ya saa.

Na yale matairi madogo ya pembeni? Yanamtuliza mzazi, lakini mtoto hajifunzi mizani. Baiskeli hailali kwenye kona, inakuwa kama ya magurudumu matatu.

Wiki ya kwanza binti alitembea nayo tu, siti haikugusa. Wiki ya pili akaanza kukimbia akinyanyua miguu. Siku tuliyorudisha pedeli nilishika siti kwa hatua chache, nikaachia. Hakugeuka nyuma hata kutazama kama nipo.

Sasa ipambe, lakini kwa akili

Hapa mwachie mwenye mali. Binti wangu aliikataa pinki, akataka bluu. Tulikwangua kutu kwa msasa, tukapiga rangi, tukavalisha spoki vipande vya mirija ya rangi rangi. Mchora mabango wa jirani akaandika njia yake kwenye madigadi ya nyuma kama daladala: NYUMBANI – KWA BIBI. Abiria mmoja tu, mdoli.

Lakini kuna vitu vya baba kusimamia. Vinyuzi virefu vya usukani vikate, visije vikaingia kwenye spoki. Cheni iwe na kifuniko, maana gauni na kamba za viatu havina macho. Funga rifleta nyuma. Kaza nati zote upya hata kama imetoka dukani leo.

Kisha kagua raba za usukani. Zikitoboka mwisho na bomba kubaki tupu, badilisha siku hiyohiyo. Mtoto akiangukia ncha ile inaweza kumuumiza ini au bandama, na kwa nje usione hata mchubuko. Akilalamika tumbo baada ya kuangukia usukani, mwahishe hospitali, usimpake mafuta ya moto.

Kofia ngumu nayo siyo ushamba. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ufungwe kidevuni. Na uwanja wa mazoezi uwe uani au kiwanja cha mpira. Barabarani waachie bodaboda.

Leo binti ana miaka mitano na ushee. Juzi kaja analalamika kwamba magoti yanagonga usukani. Maana yake ile ya inchi 16 niliyoikimbilia, sasa ndiyo saa yake. Nikamwambia tutakwenda Kariakoo mwisho wa mwezi.

Hakunijibu. Alivua viatu, akachukua daftari, akaenda kusimama ukutani.